Macho Manne ya Saa Saba

Ijumaa hii, tarehe 14 Novemba 2008, Mwalimu Jentrix Nakhumicha anastaafu baada ya miaka kumi na tisa ya kufundisha watoto wadogo: mitatu Kajiado mjini, kumi na sita hapa kwetu Chekechea ya Mgunga Mmoja, Kitengela. Kwa hesabu yangu, ambayo yeye angeirudia mara mbili kabla ya kuiamini, watoto karibu mia sita wamepita chini ya mkono wake.

Kamati imeniomba niandike wasifu huu kwa kuwa, wanasema, mimi ndiye niliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko wengine. Hiyo ni sababu ya adabu. Sababu ya kweli ni kwamba mimi ndiye niliyemsumbua kuliko wengine. Basi nitaandika, na nitaandika pia ile habari ya stoo, kwa sababu mwenyewe ameniambia nisiporuhusu aibu yangu itoke, wasifu huu utakuwa uongo wenye maua.

Alizaliwa Kimilili, akafika Kajiado Januari 1990 akiwa na sanduku moja na sweta mbili ambazo hazikuhitajika. Asubuhi ya kwanza watoto wa Kimaasai walikuja wakasimama mbele yake mmoja mmoja, wakainamisha vichwa. Yeye akadhani wamedondosha kitu. Akainama nao, akatafuta sakafuni, akauliza ni shilingi ama ni kifungo. Mama mmoja aliyekuwa mlangoni alicheka hadi akashikilia waya wa ua. Ndipo alipoelezwa kwamba mtoto huinamisha kichwa ili mkubwa amguse, na asiyeguswa hajasalimiwa. Tangu siku hiyo Mwalimu Nakhumicha ameanza na kumaliza kila siku ya kazi kwa kugusa vichwa, awe mtoto wa nani, akihesabu kimoyomoyo. Kitabu kinaweza kudanganya, husema, lakini mkono unajua nani hayupo.

Wakati wa likizo alisomea ualimu wa chekechea katika kituo cha mafunzo pale Kajiado. Alirudi na cheti, na karatasi ngumu ya manila aliyoiandika kwa mkono wake na ambayo bado iko ukutani, imegeuka rangi ya chai. Ina mistari minne. Mtoto hatolewi kwa mtu asiyeandikwa kitabuni. Siri ya nyumbani kwa mtoto haitoki mdomoni mwa mwalimu. Kinachoandikwa ni kilichoonekana. Mtoto hatishwi ili anyamaze. Nilipoajiriwa nilisoma karatasi ile kama watu wanavyosoma maandishi ya chupa ya dawa: kwa heshima, bila kuyakumbuka.

Ule mstari wa kwanza anaujua vizuri mwenyekiti wetu, Mzee Hiram Ngigi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Aliwahi kuja kumchukua mjukuu wake Jackie na jina lake halikuwa kitabuni. Alieleza kwamba yeye ndiye mwenyekiti. Mwalimu akakubali kabisa kwamba yeye ndiye mwenyekiti, akamletea kiti cha mtoto, akamwomba angoje. Alingoja dakika arobaini. Mama yake Jackie alipofika, Mzee Ngigi alisimama kwa heshima na kiti kikasimama naye. Tulikitoa kwa mafuta ya kupikia. Ameniruhusu niandike haya, ila anasema kiti kilikuwa kidogo kuliko kawaida.

Sasa nifike kwenye stoo.

Wanaoijua Kitengela ya leo yenye maghorofa hawaijui saa saba ya mchana ya mwaka 1997. Februari ile kulikuwa na ukame. Nyumba zilikuwa za kuhesabika, na nyuma ya ua wetu kulikuwa na mbuga tupu hadi macho yachoke. Pundamilia walikuja kusimama kwenye waya kama wazazi waliowahi mapema. Upepo ulivuma asubuhi yote, halafu saa saba ikifika ukakatika ghafla kama mtu aliyeitwa. Mabati yakaanza kulia kwa joto, ta, ta, ta. Kimbunga kidogo cha vumbi kikasimama peke yake uwanjani, kikazunguka, kikaenda zake kana kwamba kimekumbuka kitu. Saa hiyo ndiyo watoto thelathini na mmoja walipaswa kulala kwenye mikeka, na nyuma ya ukuta wa darasa, kwenye njia ya kwenda chooni, ndipo ilipokuwa stoo ya makaa, unga wa uji na viti vilivyovunjika.

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini, na mwezi mmoja tu wa kazi. Nilikuwa mwanamume pekee katika chekechea zote za Kitengela nilizozijua, jambo lililonifanya nijione shujaa. Mwalimu Nakhumicha akaitwa Kajiado kwa semina ya wiki moja, akaniachia darasa, kengele na funguo. Jumatatu watoto walikataa kulala. Jumanne walilala watatu, mimi nikiwa mmoja wao. Jumatano nilifanya kile ambacho nyanya yangu wa Makueni alinifanyia mimi. Niliwaambia kwamba ndani ya stoo kuna mzee, na kazi yake ni kuhesabu macho yaliyo wazi.

Sikusema zaidi ya hapo. Nasisitiza. Nyanya alikuwa na mengi zaidi, lakini mimi niliona hayo yanatosha.

Yalitosha. Darasa lilinyamaza kama redio iliyoishiwa na betri. Nilisoma gazeti lote, hata matangazo ya vifo. Alhamisi na Ijumaa vilevile. Nilijiona nimegundua kitu ambacho cheti cha Kajiado hakikukifikia.

Mwalimu aliporudi Jumatatu alisimama mlangoni saa saba akasikiliza. Nilingoja sifa. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba watoto waliolala hupumua kwa fujo, mmoja hukoroma, mwingine hugeuka, na kwamba kimya kile hakikuwa cha usingizi. Kisha akanionyesha. Watoto thelathini na mmoja walikuwa wamelala chali, kila mmoja amefunika macho kwa viganja vyote viwili.

Hakuniuliza mimi. Aliwauliza wao, baada ya uji, mmoja mmoja, huku akiandika. Kuna Brayo wa miaka mitano, mtoto wa fundi wa baiskeli. Kuna Nyaguthii, ambaye kwao waliuza viazi. Kuna watoto wa Kimaasai kutoka maboma ya ng'ambo, ambao hawakucheza na hao wengine ila wakati wa mpira. Wote walimweleza mzee yuleyule. Ana kiatu kimoja, akala ya tairi, mguu wa kushoto. Hana macho yake mwenyewe, ana yale aliyohesabu. Anahesabu polepole, kwa lugha wasiyoijua. Nyaguthii alisema ni kama Kikuyu, lakini huyo mzee anakosea.

Nilikaa chini. Kiatu kimoja ni cha hadithi ya nyanya yangu. Alinisimulia mimi peke yangu, Makueni, nikiwa na miaka minne, na sikuwa nimekitaja kwa mtu yeyote hapa. Wala sikuwahi kusema neno la Kikamba, lugha ya nyanya, mbele ya watoto hawa. Nilimwambia Mwalimu yote hayo. Aliandika, akaweka tarehe, akafunga daftari.

Nilidhani tungekuwa na muda wa kurekebisha mambo polepole. Hatukuwa nao. Njia ya kwenda chooni ilipita mlango wa stoo, na mtoto mmoja, Valerie wa miaka minne, alikuwa ameacha kuipita tangu ile Jumatano. Alijibana kutwa nzima, siku baada ya siku, mpaka afike nyumbani. Ijumaa ya wiki ile ya pili alianza kutetemeka kwa homa darasani, akalazwa hospitalini Kajiado. Daktari aliwaeleza wazazi kwamba ni maambukizi ya njia ya mkojo yaliyoanza kupanda kwenye figo, akauliza kama shuleni kuna choo.

Jioni ile kamati ilikutana. Mzee Ngigi, kwa wema wa mtu aliyeogopa, alishauri tuseme huenda ni maji ya nyumbani kwao. Choo tunacho, kila mtu amekiona. Nakiri mbele yenu nyote kwamba nilitikisa kichwa kukubali kabla hajamaliza sentensi. Mwalimu Nakhumicha alifungua daftari lake, akasoma kwa sauti alichoandika tangu Jumatatu, pamoja na jina langu, akamuuliza mwenyekiti ni ukurasa upi angetaka uchanwe. Kesho yake, Jumamosi, tulikuwa mlangoni kwa akina Valerie, yeye mbele, mimi nyuma kama mbuzi anayepelekwa sokoni.

Baba yake, Wanjala, alifanya kazi kiwanda cha saruji na alikuwa ametoka zamu akiwa bado na vumbi kwenye nyusi. Mama yake, Maryanne, alikuwa amerudi kutoka hospitalini kuchukua nguo. Mwalimu alisema jambo moja tu: huyu ana neno lake. Nikasema neno langu lote. Maryanne akauliza, "Mwalimu, wewe ulimlaza mtoto wangu ama ulimfunga?"

Wanjala alitaka nifukuzwe, na sikuona kosa katika ombi lake. Mwalimu ndiye aliyeliona. "Baba Valerie," alimwambia, "mkimfukuza leo, Jumatatu watoto watasema mzee amekula Ticha. Hapo hakuna atakayelala tena Kitengela yote. Mwacheni akae waone hajaliwa. Aliyesema ndiye atakayesemua." Kiswahili chake kina maneno ya aina hiyo anapokasirika. Wanjala alitazama mkewe, wakakubali, lakini Valerie hangerudi shuleni mpaka mlango ule usiwe na kitu.

Jumatatu nilikaa kwenye kiti kidogo mbele ya watoto thelathini nikawaambia nilidanganya. Nilisema hakuna mzee, nilimtunga kwa sababu nilikuwa mvivu, na naomba msamaha. Watoto walinitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtu mzima anayelia matangani. Kisha Brayo akaja akanishika goti. "Ni sawa, Ticha," akasema. "Najua ulidanganya. Lakini yeye alisikia, akakuja."

Mwalimu yeyote wa busara angesema, hapana Brayo, hakuna mtu. Mwalimu Nakhumicha hakusema. Aliniambia baadaye kwamba hakuwa tayari kuwaita waongo watoto thelathini ili mwalimu mmoja aonekane mkweli. Badala yake alichukua funguo, akawaomba watoto washikane mikono, tukaenda kufungua stoo mchana kweupe.

Tulitoa kila kitu. Makaa, viti, magunia ya unga, debe lililotoboka. Watoto walibeba vipande vya mbao wakiimba. Hakukuwa na mtu. Mwishoni kabisa, nyuma ya gunia la mwisho, palikuwa na akala moja ya tairi, ya mguu wa kushoto, soli yake imelika upande mmoja kama ya mtu aliyetembea sana. Tulimuuliza mlinzi, seremala, wauza maziwa. Hakuna aliyeijua. Katika daftari la Mwalimu imeandikwa: "Akala moja, kushoto. Mwenyewe hajulikani." Hakuongeza neno, wala hakuitupa. Aliirudisha mahali pake akaacha mlango wazi.

Kisha akanipa kazi yangu. Kila siku saa saba nitaweka kiti kwenye kona ya ukuta, mahali ambapo watoto wananiona kupitia mlango wa nyuma, na mimi naiona stoo. Nitakaa hapo hadi wote waamke. Bila gazeti. Macho wazi. Kama kuna anayetaka kuhesabu macho, akasema, ahesabu ya mwalimu, hiyo ndiyo kazi ya mwalimu. Nilidhani ni adhabu. Kisha akaweka kiti cha pili kando ya changu, akaketi.

Siku ya kwanza hakuna mtoto aliyelala. Siku ya nne alilala mmoja, akakoroma, na nilitamani kumkumbatia. Wiki ya tatu, alasiri moja, Maryanne alimleta Valerie mkononi, amekonda, sare imemzidi. Alisimama pale njia inapokata kona, akaitazama stoo iliyo wazi, akanitazama mimi. Aliachilia mkono wa mama yake akapita peke yake hadi chooni, taratibu, mgongo ukiwa umenyooka kama askari. Aliporudi alisimama mbele yangu. "Ticha," akasema, "usifunge macho."

Ilikuwa siku mbili baada ya hapo. Saa saba na dakika ishirini. Upepo ulikatika, mabati yakaacha kulia. Watoto wote thelathini na mmoja walikuwa wamelala kwa fujo ile tamu. Kutoka ndani ya stoo ikaja sauti ndogo, kavu, isiyo na haraka, kama ya mtu anayechambua maharagwe. Imwe. Ili. Itatu. Inya. Moja, mbili, tatu, nne, kwa Kikamba cha Makueni. Ikakoma. Macho yangu mawili, na mawili ya Mwalimu Nakhumicha.

Nilimgeukia. Alikuwa anaandika. Watoto walipoamka nilimwomba anionyeshe, na ukurasa ulisema: "7.20. Watoto 31 wamelala. Walimu 2 macho." Nikamuuliza kama alisikia. Akaniambia kinachoandikwa ni kilichoonekana, akaenda kugawa uji.

Sitaki mnione mtu wa kuamini kila kitu. Mara nyingine mwaka mzima hupita bila sauti. Ikija, huhesabu hadi nne na kuridhika. Mara moja tu, mwaka 2001, Mwalimu alikuwa getini na mzazi, nami nilikuwa nimekesha na mgonjwa nyumbani. Nilisinzia. Niliamshwa na hesabu iliyosema imwe, ikanyamaza, kisha kukaja mkwaruzo wa kitu kama soli ya tairi ikijongea kwenye saruji, upande wa darasa. Ndani, mtoto mmoja alianza kulia usingizini. Mkono ulinigusa kichwani, jinsi anavyogusa watoto. Mwalimu alikuwa amerudi, ameketi, macho ameyatoa kuelekea mlangoni kwa namna ambayo sitaki kutazamwa nayo. Mkwaruzo ukarudi ulikotoka. Hakunigombeza, wakati ule wala baadaye. Alinipa kitambaa chenye maji baridi.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na moja juu ya kazi yake nyingine, na haimo katika barua yake ya ajira. Alikataa magunia ya viazi ya wazazi waliotaka watoto wao wasifiwe kuingia darasa la kwanza, au aliyakubali na kuyapikia shule nzima. Alibeba siri za nyumba nyingi za Kitengela, na najua hivyo kwa sababu nimejaribu kumchimba miaka yote hii na sijapata hata moja. Alifundisha walimu wadogo sita, kila mmoja akimwonyesha ile karatasi ya ukutani, kisha kile kiti. Kwa upole hakuwaambia ni nani aliyekuwa sababu ya kiti. Leo nimewaambia mimi.

Valerie yuko kidato cha pili sasa. Ndiye atakayemkabidhi Mwalimu zawadi, na ameniahidi kwamba, kwa urefu wake wote, atainamisha kichwa kwanza.

Jambo moja limebaki, na nimelifikiria sana kama niliweke hapa. Wiki iliyopita Mwalimu alikuwa ofisini kutwa nzima akipanga madaftari ya kukabidhi. Nilikaa peke yangu saa saba, kwa mara ya kwanza tangu ile ya 2001, viti viwili, mtu mmoja. Nakiri niliogopa. Tangu barua ya kustaafu ije nimekuwa nikijiuliza itakuwaje yule wa stoo atakapohesabu akute mawili, na mimi si kijana tena, nasinzia hata kanisani. Upepo ulikatika. Mabati yakanyamaza. Imwe, ikasema stoo. Ili. Nikashika kiti changu kwa mikono miwili.

Itatu. Inya.

Niligeuka. Kiti chake kilikuwa kitupu, na kupitia dirisha la ofisi nilimwona mgongo, ameinamia karatasi zake. Ndani watoto walikuwa wakikoroma.

Kwa hiyo, Mwalimu, kwa niaba ya wazazi, kamati, watoto wa mwaka huu na wale mia sita, pokea shukrani zetu. Nenda Kimilili kwa amani. Panda mahindi, pigia majirani kelele, na saa saba ikifika tandika mkeka ulale mchana kama mtoto, ulale kwa fujo, ukorome. Unaweza kuyafunga macho yako. Huku bado yanahesabiwa.

Mwalimu Maundu, darasa la watoto wadogo